KUTOKA CORDOBA HADI GRANADA
Umbali wa Njia, Muda wa Safari, na Sala ya Msafiri

Majina ya Cordoba na Granada si mageni katika nyumba za Waislamu. Vitabu vyetu huuita mji wa kwanza Kurtuba, na wa pili Gharnata, na yote miwili imo katika nchi ya Hispania, upande wa kusini, katika jimbo ambalo hata leo lingali likichukua jina lililotoka katika zama za Kiislamu: Andalusia. Kijana wa leo akitaka kujua ni mwendo gani baina ya miji hii, hujibiwa upesi: saa moja na nusu kwa treni, saa mbili na kitu kwa motokaa.

Jibu hilo ni sahihi, lakini halitoshi. Kwani kuna umbali upimwao kwa kilomita, na kuna umbali upimwao kwa saa, na kuna umbali wa tatu ambao hupimwa kwa vizazi vya watu. Tena Mwislamu, kila afungapo mzigo wake, ana swali la nne juu ya hayo matatu: Je, safari yangu hii ni ya kupunguza Sala, au si ya kupunguza? Basi katika makala haya tutaitazama njia hii moja kwa vipimo vyote vinne, na In-shaa-Allah msomaji ataona ya kuwa yale aliyoyaandika Sheikh mmoja wa Sham zaidi ya miaka 700 iliyopita yanamtosha msafiri wa treni ya umeme kama yalivyomtosha msafiri wa ngamia.

UMBALI WENYEWE

Tukinyosha uzi juu ya ramani kutoka Cordoba hadi Granada, tutapata kilomita 130 hivi. Kwa msomaji wa pwani yetu, huo ni kama mwendo wa Mombasa hadi Malindi na kuzidi kidogo. Lakini uzi juu ya ramani hauna milima, na wanadamu wanayo. Cordoba umekaa katika tambarare, kandokando ya mto Guadalquivir, jina ambalo asili yake ni Kiarabu, al-Wadi al-Kabir. Na kimo chake juu ya usawa wa bahari ni mita mia moja na ushei tu. Granada uko karibu mita 700 juu ya bahari, chini ya milima ya Sierra Nevada ambayo vilele vyake huvaa theluji. Kilele kirefu kuliko vyote, chenye mita 3,479, chaitwa Mulhacén, nalo ni jina la Mulay Hasan, mmoja wa wafalme wa mwisho wa Kiislamu wa Granada, lililogeuzwa na ndimi za Kihispania.

Kwa hiyo aendaye Granada hupanda, na njia zake za leo ni tatu.

Ya kwanza ni barabara ya zamani, ipitayo mashamba ya mizeituni yasiyokwisha, ikikata miji ya Baena, Alcaudete na Alcalá la Real, kisha ikateremka Pinos Puente na kuingia Granada. Hiyo ina kilomita 160 hivi, na motokaa huimaliza kwa saa mbili na robo au zaidi kidogo, kwa sababu ya vilima na kona zake. Ya pili ni barabara kuu pana, iendayo kwanza kusini kupita Lucena mpaka karibu na Antequera, kisha ikageuka mashariki kupita Loja. Hiyo ni ndefu zaidi, yapata kilomita 200 na kidogo, lakini muda wake hautofautiani sana na ule wa barabara ya zamani, kwa kuwa imenyooka. Ya tatu ni reli. Treni iendayo mbio ilifika Cordoba mwaka 1992, ilipofunguliwa njia ya Madrid na Sevilla. Lakini Granada ulingoja mpaka Juni 2019, ndipo kipande cha kutoka Antequera kilipofunguliwa. Reli nayo huzunguka kwa Antequera kama barabara kuu, wala haipiti mkato, na juu ya hivyo ndiyo ya upesi kuliko zote: saa moja na nusu hivi, na katika sehemu zake treni huweza kwenda zaidi ya kilomita 250 kwa saa.

Msomaji aangalie jambo hili, maana tutalirudia: njia iliyo ndefu kwa kilomita ndiyo fupi kwa saa.

SIKU NNE ZA MSAFARA

Wazee wetu wa zamani hawakupima njia kwa kilomita. Kipimo chao kilikuwa maili, na farsakh ambayo ni maili tatu, na marhala, yaani kituo, nayo ni mwendo wa siku moja wa mnyama aliyebeba mzigo, pamoja na mapumziko yake ya kula na kusali. Mwanajiografia mashuhuri Al-Idrisi, aliyekimaliza kitabu chake kikubwa cha ramani na njia mwaka 1154 katika kisiwa cha Sicily, alipima dunia nzima aliyoijua kwa vipimo hivyo.

Marhala moja ni farsakh nane, kiasi cha kilomita 40 na kidogo kwa hesabu ya leo. Basi barabara ile ya zamani ya kilomita 160 ni marhala nne, au tuseme siku nne za msafara. Hata leo wako watu wapendao kuifuata njia hiyo kwa miguu, nao huchukua yapata juma zima.

Na siku nne hizo hazikuwa siku za nyika tupu. Baena, ambao Waarabu waliuita Bayyana, ndio mji wa nasaba ya Qasim bin Asbagh al-Bayyani, mwanachuoni mkubwa wa Hadithi wa Andalus aliyefariki mwaka 951. Alcalá la Real ulikuwa Qal'at Bani Sa'id, ngome ya ukoo wa Ibn Sa'id, mwandishi wa tarikhi na jiografia wa karne ya 13. Na Loja, ulio kwenye njia ya pili, ndiko alikozaliwa mwaka 1313 Lisanuddin Ibn al-Khatib, waziri na tabibu, aliyeandika Al-Ihata, kitabu kikubwa cha habari za Granada. Abiria wa leo hupita hapo akiwa amesinzia, na mahali palipolea mwanachuoni panampita dirishani kwa dakika mbili. Hatumlaumu, lakini ni vyema ajue ni nini kilichompita.

MIAKA 256

Sasa tuje kwenye umbali wa tatu. Cordoba ulikuwa makao makuu ya Bani Umayya wa Andalus tangu mwaka 756, alipoingia Abdurrahman wa Kwanza. Msikiti wake mkubwa ulianzwa kujengwa katika miaka ya 785 na 786, na watawala waliofuata wakauongeza mara baada ya mara. Mwaka 929 Abdurrahman wa Tatu akajitangaza kuwa Khalifa, na katika zama za mwanawe Al-Hakam wa Pili, aliyetawala tangu 961 hadi 976, maktaba ya mji huo ilisifiwa na waandishi kuwa na vitabu 400,000. Kisha zikaingia fitina za wenyewe kwa wenyewe, na mwaka 1031 ukhalifa ukaondolewa, kila mji ukawa na mfalme wake.

Waislamu waliogawanyika hawakukosa adui wa kuwatazama. Mfasiri mkubwa wa Kurani, Imam Al-Qurtubi, ambaye tafsiri yake imo katika maktaba za wanavyuoni wetu, alikuwa kijana wa Cordoba siku hizo. Yeye mwenyewe ametaja katika tafsiri yake kwamba asubuhi ya mwezi 3 Ramadhani, mwaka 627 Hijria, yaani Julai 1230, adui aliwashambulia watu wakiwa katika viwanja vya kupuria nafaka, hawana habari. Wakauawa waliouawa na kutekwa waliotekwa, na miongoni mwa waliouawa alikuwamo baba yake. Kijana huyo, katika msiba ule, alikwenda kwa masheikh wake mmoja baada ya mwingine kuuliza: Je, baba yangu aoshwe na kusaliwa kama maiti wengine, au ana hukumu ya shahidi wa vitani? Mmoja alimwambia hivi na mwingine vile, mpaka akafuata kauli ya walio wengi, akamwosha, akamkafini na kumsalia. Tazama, ndugu msomaji, elimu ilivyokuwa imeingia katika damu za watu hao: machozi hayajakauka, na mtoto anatafuta hukumu ya Sharia.

Miaka sita baadaye, Juni 1236, Cordoba ukaangukia mikononi mwa Mfalme Fernando wa Tatu wa Castile. Watu wake wakatoka na walichoweza kubeba. Al-Qurtubi akaenda Misri, akaishi huko na kuandika huko, na huko akafariki mwaka 1273. Msikiti mkubwa ukageuzwa kanisa mwaka ule ule, na ndivyo ulivyo hata leo. Mwislamu huweza kuingia kama mtazamaji aliyekata tikiti, lakini haruhusiwi kusali humo.

Granada haukuanguka wakati huo. Mwaka 1238 Muhammad Ibn al-Ahmar aliushika mji, akaanza kujenga ngome ya Al-Hamra, na ufalme wa kizazi chake ukadumu hadi Januari 2, 1492. Hesabu basi: tangu Juni 1236 hadi Januari 1492 ni miaka 255 na nusu na zaidi, au kama ihesabiwavyo kwa desturi, miaka 256. Kilomita 130 zilichukua miaka 256! Hakuna msafara uliopata kwenda polepole namna hiyo.

Lakini haki yapasa isemwe. Katika miaka hiyo Granada haukuokoka kwa ushujaa peke yake. Mwaka 1246 Ibn al-Ahmar alifanya mapatano na Mfalme Fernando: akamwachia mji wa Jaén, akakubali kumlipa kodi kila mwaka. Na mwaka 1248 askari wa Granada walikuwapo pamoja na jeshi la mfalme huyo katika kuuzunguka Sevilla, mji wa Waislamu wenzao, mpaka ukaanguka. Ngome ya Al-Hamra imeandikwa kila ukuta maneno ya kwamba hapana mshindi ila Mwenyezi Mungu; na maneno hayo ni ya kweli, lakini kuta hazikuweza kuwafanya watu wayatendee kazi.

Na mpaka uliokuwapo baina ya miji hii miwili tuupime kwa mtu mmoja. Ibn Battuta wa Tangier, yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 na kutuachia habari za wazee wetu, aliingia Andalus kiasi cha mwaka 1350. Alipita Ronda, akapita Malaga, akafika Granada, na huko akakutana na Ibn Juzayy, ambaye baadaye ndiye aliyeandika kitabu cha safari zake. Mtu huyo alikuwa amekwisha kuiona India na China. Lakini katika safari yake ya Andalus Cordoba haumo. Aliyevuka bahari ya Hindi kwa majahazi aliishia marhala nne tu kutoka Msikiti wa Kurtuba. Kumbe umbali si kilomita; umbali ni mlango uliofungwa.

NJIA ILIYOGEUZWA

Mapatano ya kuutoa Granada yalitiwa sahihi Novemba 1491, na ndani yake Waislamu waliahidiwa dini yao, misikiti yao, makadhi wao na mali zao. Ahadi hiyo haikudumu hata miaka kumi. Mwaka 1499 watu walianza kulazimishwa kubatizwa, na vitabu vyao vya Kiarabu vikachomwa moto hadharani. Na mwaka 1502 ikatoka amri katika Castile kwamba Mwislamu ama abatizwe ama aondoke.

Waliobaki, na watoto wao, na wajukuu wao, wakaishi kwa dini mbili: moja ya mlangoni na moja ya chumbani. Mama alimfundisha mwana shahada kwa sauti ya chini. Mwaka 1568 wakaasi katika milima ya Alpujarras, na walipokwisha kushindwa, mwaka 1570 maelfu yao walikusanywa kutoka Granada wakasukumwa kwa miguu kwenda kutawanywa katika nchi ya Castile. Wengine wao walipelekwa Cordoba. Yaani njia ile ile waliyoikimbilia mababu zao kutoka Cordoba kwenda Granada kutafuta amani, wajukuu waliirudia kutoka Granada kwenda Cordoba chini ya ulinzi wa askari, katika majira ya baridi. Na katika miaka ya 1609 hadi 1614 waliosalia wakafukuzwa Hispania yote.

Tumeyaeleza haya kwa kirefu si kwa kutafuta chuki. Vijana wa Hispania wa leo hawakuyafanya hayo. Tumeyaeleza ili mtu asidhani kuwa njia ni lami na reli tu.

MARHALA MBILI

Sasa swali la nne, ambalo ndilo hasa la nyumbani kwetu. Mtu anayepanda treni Cordoba, akatia kichwa chake kitini, na kabla chai yake haijapoa sawasawa akasikia Granada inatajwa, je, huyo ni msafiri wa kupunguza Sala?

Ruhusa ya kupunguza imo katika Kurani Tukufu, Sura An-Nisaa, aya ya 101. Sala zipunguzwazo ni zile zenye rakaa nne, yaani Adhuhuri, Alasiri na Isha, zikawa rakaa mbili mbili. Magharibi na Alfajiri hazipunguzwi. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo yafuatwayo na wengi wa Waislamu wa pwani ya Afrika ya Mashariki, safari ndefu ni ya maili 48 za Kihashimi, nazo ni marhala mbili. Wanavyuoni wa leo wamezikisia kuwa kilomita 80 na kitu, wengine wakafikisha karibu na 90. Madhehebu ya Imam Malik, yaliyokuwa madhehebu ya Andalus na ambayo ndiyo ya ndugu wengi wa Morocco walioko Hispania leo, nayo yana maili 48. Katika madhehebu ya Imam Abu Hanifa kipimo ni mwendo wa siku tatu.

Basi Cordoba hadi Granada, ikiwa ni marhala nne, imevuka mpaka huo. Lakini treni huzimaliza marhala mbili za mwanzo kwa dakika 20 na kitu! Hapo ndipo moyo wa kijana unaposita: Nimetaabika nini hata nipunguze?

JIBU LA WATU WA JAHAZI

Jibu limo katika kitabu ambacho wazee wetu wa Lamu, Mombasa na Unguja wamekidurusi kizazi baada ya kizazi, nacho ni Minhaj at-Talibin cha Imam An-Nawawi. Sheikh huyo alizaliwa Nawa, katika nchi ya Sham, mwaka 1233, miaka mitatu kabla ya kuanguka Cordoba, na akafariki mwaka 1277. Hakuona treni wala motokaa. Lakini alijua kwamba chombo cha baharini, kikipata upepo mzuri, huenda mwendo ambao ngamia hauwezi. Akaeleza ya kuwa bahari ina hukumu ya bara: mtu akizikata maili hizo baharini hata kwa saa moja, anapunguza Sala.

Ndilo jibu letu. Kinachotazamwa ni umbali wa njia, si muda wala taabu. Marhala ilitajwa kwa siku za mnyama aliyebeba mzigo ili watu waujue urefu wa njia, si kwa sababu ruhusa ilifungwa shingoni mwa ngamia. Jahazi la pepo za kaskazi na treni ya Andalusia, mbele ya hukumu hii, ni ndugu.

Na lile jambo tuliloahidi kulirudia, la njia ndefu na njia fupi, nalo Imam An-Nawawi hakuliacha. Ikiwa mahali pana njia mbili, moja inafikia umbali wa kupunguza na nyingine haifikii, na mtu akashika ile ndefu kwa sababu ya maana, kama vile wepesi au amani ya njia, basi anapunguza. Lakini akizunguka kwa kutaka tu apate kupunguza Sala, hapunguzi. Katika mfano wetu njia zote tatu zimekwisha kuvuka marhala mbili, kwa hiyo hapana shaka. Lakini yuko msomaji ambaye kwao kuna barabara ya lami inayozunguka na njia ya mkato yenye matope. Naye sasa anajua la kufanya.

Yafaa pia yakumbukwe mambo haya. Kupunguza hakuanzi nyumbani wakati wa kufunga sanduku, bali baada ya kutoka katika mipaka ya mji. Safari iwe ya halali, na msafiri awe anajua aendako. Umbali huhesabiwa wa kwenda peke yake, wala hauchanganywi na wa kurudi. Nia ya kupunguza hutiwa pamoja na takbira ya kuhirimia Sala, na amfuataye imamu anayetimiza hutimiza pamoja naye. Afikapo aendako, akiwa amenuia kukaa siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, safari yake imekatika na atatimiza. Na arejeaye kwao hutimiza tangu aingiapo mjini mwake. Mwanafunzi akaaye Granada aliyekwenda Cordoba asubuhi na kurudi jioni, Isha yake ya nyumbani ni rakaa nne.

Tena katika madhehebu yetu, safari ikifika marhala tatu, kupunguza ni bora kuliko kutimiza. Na hii ya Cordoba na Granada ni marhala nne. Ama saumu ya Ramadhani, msafiri wa safari hii ana ruhusa ya kula na kulipa. Lakini akiwa haimdhuru, kufunga ni bora. Na aliyeamka mjini kwake amefunga, kisha akasafiri mchana, saumu ya siku hiyo ataitimiza. Mwenye jambo lake mahususi na amwulize sheikh wa mtaa wake.

SADAKA, SI UJIRA

Bado moyo wa kijana waweza kunung'unika: Kama hakuna taabu, ruhusa ni ya nini? Swali kama hilo halikuanza leo. Aya ya kupunguza imetaja hofu ya adui, na amani ilipokwisha kuenea, Sayyidna Umar (r.a.) alistaajabu kwamba ruhusa ingalipo, akamwuliza Mtume (s.a.w.). Jibu alilopewa, kama lilivyopokewa na Imam Muslim, ni kwamba hiyo ni sadaka ambayo Mwenyezi Mungu amewapa waja wake, basi na waipokee sadaka yake.

Hapo pana mafunzo makubwa. Sadaka si ujira. Ujira hulipwa kwa jasho, ukikosekana jasho nao haupo. Sadaka hutolewa kwa ukarimu wa mtoaji. Mwenye kuikataa kwa kusema, Mimi sikuchoka, amedhani kuwa Mola wake alikuwa akimlipa mshahara. Na mwenye kuipokea, kisha zile rakaa mbili alizosamehewa akazifanya kuwa dakika za upuuzi, naye hakumshukuru mtoaji. Waliotembea njia hii siku nne walisali, wakasoma na wakafundishana njiani. Sisi tumezawadiwa siku tatu na nusu nzima katika hizo nne. Tumezitia wapi?

MLANGO ULIOFUNGULIWA

Mwaka 1992, mwaka ule ule treni iendayo mbio ilipofika Cordoba, na miaka 500 kamili tangu kuanguka Granada, Serikali ya Hispania ilipitisha sheria ya maafikiano na Waislamu wa nchi hiyo, ikitambua ibada zao, ndoa zao na mafundisho ya dini yao. Na mwaka 2003, katika mtaa wa kale wa Albaicín, mkabala na Al-Hamra, ulifunguliwa msikiti, na adhana ikasikika tena Granada kutoka katika mnara wake.

Kwa hiyo Mwislamu atokaye Cordoba leo hahitaji kubeba mzigo wa mtoro. Akipanda treni, na Adhuhuri na Alasiri zake akazisali safarini kwa kupunguza na kukusanya, atafika Granada angali na wasaa wa kupanda vichochoro vya Albaicín na kuiwahi Magharibi kwa jamaa. Rakaa zake ni tatu, kama zilivyokuwa kwa Al-Qurtubi na kwa Ibn al-Khatib, na kwa yule mama aliyemnong'onezea mwanawe shahada nyuma ya mlango uliofungwa. Hizo hazikupunguzwa kwa masafa wala kwa karne.

Enyi wazazi, waelezeni watoto wenu njia hii. Mtoto ajuaye kwamba mji wa vitabu 400,000 ulianguka baada ya watu wake kugawanyika, na kwamba Waislamu wa mji mmoja walikwenda kuuzunguka mji wa wenzao, atajihadhari na fitina ndogo ya mtaani kwake kabla haijawa kubwa. Na nyinyi vijana, mtakaposafiri, kwa treni, kwa basi au kwa ndege, jueni mpaka wa marhala zenu na hukumu za Sala zenu kabla hamjakata tikiti. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kuipokea sadaka yake kwa shukurani, na atukinge na mfarakano uliowapata waliotutangulia. Amin.

Wabillahi tawfiq.